Mwenzangu wa Nusu

Walianza kumwita Mvi akiwa na miaka ishirini na miwili, hana hata unywele mmoja mweupe. Ulikuwa ni unga. Ulimkaa kichwani, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio, na akipita barabarani watoto walimwamkia "shikamoo babu" kwa utani. Sasa alikuwa na hamsini na mitatu, mvi zenyewe zilishaota, na hakuna aliyejua zilianza lini. Dada yake alisema huo ndio uzee wa bahati, unaingia bila kupiga hodi.

Bekari yao ilikuwa chumba kimoja kirefu. Nyuma kulikuwa na tanuri la matofali alilojenga baba yao. Katikati, meza ya kukandia, iliyobonyea upande mmoja kwa miaka ya viganja. Mbele, dirisha lenye ubao ambapo dada alikaa akiuza. Tanuri lile lilikuwa na tabia ya mgonjwa wa siku nyingi: halikutaka kuachwa peke yake. Likipoa kabisa udongo wa kati ya matofali ulipasuka, na kulirudisha kwenye joto lake kungekula kuni za siku tatu. Kwa hiyo halikuwahi kupoa. Hata siku ya kumzika baba, mtu mmoja alibaki nyuma kuchochea.

Kisha unga ukapanda bei. Ukapanda tena. Kuni nazo zikafuata mkumbo. Na Mvi, ambaye maisha yake yote aliusikia msemo wa maji kuzidi unga bila kuufikiria, akaufikiria.

Hakupandisha bei, aliona haya. Alifanya jambo ambalo mwokaji peke yake angeweza kulifanya: alipunguza unga, akazidisha hamira, akauacha mkate uumuke mpaka ukajaa kopo kama kawaida. Kwa macho, mkate ulikuwa ule ule. Baba alimfundisha kuugonga mkate chini kwa kidole. Ukilia kama mlango wa nyumba yenye nafasi, umeiva. Mkate huu wa upepo ulilia kuliko yote aliyowahi kuoka. Mvi aliugonga, akausikiliza, akajiambia kwamba masikio hayasemi uongo.

Zilipita siku kumi hivyo. Siku ya kumi na moja, mwalimu mstaafu, mama mwembamba aliyenunua mkate pale tangu akiwa binti, aliurudisha mkate wake dirishani, akaubana kwa mkono mmoja. Ukaishia wote ndani ya kiganja.

"Hii ni nini?" akamuuliza dada.

"Mkate, mwalimu."

"Mkate naujua. Nauliza hiki nilichokishika. Mmenifungia pumzi za mdogo wako kwenye karatasi?"

Watu wawili nyuma yake wakacheka. Mmoja akasema debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu hakucheka. Aliuacha mkate pale ubaoni akaenda zake, na wiki ile foleni ikayeyuka. Waliobaki ni wale wa mlango wa karibu, wasio na miguu ya kwenda mbali.

Jumatatu, wakipangusa makopo ya kuokea, Mvi alisema, "Jumamosi nalizima tanuri. Kile kiwanda kikubwa cha mkate wanatafuta mtu wa kupakia."

"Kupakia? Na mgongo wako huo?"

"Mgongo utazoea."

"Mgongo hauzoei, unakatika." Dada aliweka kopo chini. "Kwanza niambie. Ule mkate uliujaza upepo, hukuujaza?"

Mvi akaendelea kupangusa kopo lililokwisha kung'aa.

"Nakuuliza mimi, niliyekubeba mgongoni ukanikojolea."

"Niliujaza."

"Na mimi nikawauzia watu kwa mkono huu. Ungeniambia, dada, mambo yamekuwa hivi, ningejua nitazame wapi wakati mwalimu ananitazama."

Hilo lilimwingia kuliko kicheko cha foleni. Akasema, taratibu, kwamba mkate wa kweli kwa bei ya kweli watu hawataumudu.

"Basi wape nusu."

"Baba hakuuza mkate uliokatwa hata siku moja. Nusu ya pili ikikosa mtu, jioni ni tofali."

"Baba hakununua unga kwa bei hii. Na nani kasema ukatwe kabla? Usikatwe mpaka wawepo wawili. Anayetaka nusu atafute mwenzake."

"Watu watafute wenza kwa ajili ya mkate?"

"Wengine wameolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo," alisema dada, aliyeolewa mara mbili.

Kesho yake Mvi mwenyewe alikaa dirishani. Dada alikataa kumsemea. Kila aliyekuja alimwambia: mkate niliouza majuzi ulikuwa mwepesi, nilifanya mimi, wa leo ni mzito kama zamani na bei imepanda, asiyeweza mzima achukue nusu. Mara ya kwanza maneno yalimkwama kama mwiba wa samaki. Kufika mtu wa saba yalikuwa yanatoka yenyewe. Mmoja alimjibu kwamba alishajua. Mwingine alisema hakujua, na bora asingeambiwa.

Nusu ndiyo iliyotembea. Watu walisimama kando ya dirisha wakitazama barabara kama wanaongoja mgeni, na anayefika anaulizwa kabla ya salamu, "Nusu au mzima?" Jumatano, fundi baiskeli alisimama hivyo robo saa. Aliyetokea ni fundi cherehani, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye walikuwa hawasemezani naye mwaka mzima kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua. Mmoja akatazama mabati ya paa. Mwingine akatazama viatu vyake.

"Nusu ipo?" fundi cherehani akauliza.

"Ipo," akasema Mvi. "Mwenzako huyo hapo."

"Hakuna mwingine?"

"Mwingine hajazaliwa."

Mvi akakata. Kila mmoja akadai nusu ya mwenzake ni kubwa, na hayo ndiyo yakawa maneno yao ya kwanza tangu mvua za mwaka jana.

Mwalimu alirudi Alhamisi. Alimsikiliza Mvi mpaka mwisho, mikono nyuma. "Rudia," akasema. Mvi akarudia. Mwalimu akanunua mzima, akaubana palepale. Mkate haukukubali.

Jumamosi mikate iliisha kabla ya saa nne asubuhi, lakini ilikuwa michache. Mapato yalitosha gunia moja la unga, hayakutosha kuni za wiki, na kiwandani walishasema aripoti Jumatatu alfajiri. Jioni Mvi akakaa kwenye kigoda mbele ya mdomo wa tanuri, makaa yakifunikwa na jivu polepole.

"Umeamua?" dada akauliza.

"Bado nimekaa."

"Kaa. Kukaa hakulipiwi."

Dirisha likagongwa. Ubao ulishafungwa, ila fundi cherehani alipitisha sauti kwenye upenyo. "Mvi, niwekee nusu ya Jumatatu."

"Nani kakwambia Jumatatu tupo?"

"Sasa mwenzangu nitamwambia nini? Yeye ndiye kanituma. Ana kazi mapema, kasema nikimcheleweshea mkate ananizibia mfereji."

Mvi alimgeukia dada yake. Dada alikuwa anakunja magunia matupu, akijifanya hana masikio.

"Mwambie awahi," Mvi akasema.

Akainuka, akashika kiuno kwanza, kisha akasukuma magogo mawili ndani, taratibu, moja upande huu na moja upande ule, kama alivyofundishwa. Moto ukafikiri kidogo, ukashika.

"Na kiwandani?" dada akauliza.

"Watapata mgongo mwingine."

Akanawa mikono, akatoka kwenda kuuwahi unga kabla duka halijafungwa.