Bi Kaltham Aliposhukia Ibra

Ungemkuta Bi Kaltham binti Zakariya udogoni mwake, katika nyumba yao ya Malindi, Unguja mjini, ungemkuta anasema. Alikuwa akisema wakati wa kula, akisema kwenye ngazi, akisema hata chuoni kwenye Kurani, mwalimu akiwa amegeuka, mpaka dada zake wakampa jina la Kasuku. Dirisha la chumba chao lilitazama bahari, na usingizi wake wote wa utotoni aliulalia kwa mlio wa maji.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne. Yeye na mumewe Thuwaini waliondoka na begi moja na mtoto mmoja, wakaishi Dubai miaka kadhaa. Oman ilipofungua milango wakahamia Birkat al Mauz, kijiji cha babu zake Thuwaini, chini ya Jabal Akhdar. Huko ni mitende na migomba, maji ya falaj yanapita mbele ya nyumba kwenye mfereji wa mawe, na milima imesimama pande zote kama kuta. Bahari iko mbali huko, hata harufu yake haifiki.

Thuwaini alifariki baada ya miaka michache. Bi Kaltham akabaki na mwanawe Hazim, aliyekuwa na kazi ya serikali Nizwa, pamoja na mkewe na wajukuu. Wajukuu walimpenda, lakini Kiswahili chao kilikuwa cha kubabaisha. "Bibi, kiti hii yako," Khulood angemwambia akimsogezea, naye angekaa bila kumsahihisha. Wakati mwingine alichoka kusahihisha.

Wanawake wazima wa kijiji walikuwa na desturi ya kunywa kahawa pamoja kila asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bi Kaltham hakukosa. Alivua viatu, akakaa karibu na mlango, akala tende, akasikiliza. Kiarabu chake kilitosha sokoni na hospitali, lakini hakikutosha kupiga soga. Mara nyingi alimsemesha mwanamke kama anavyosemeshwa mwanamume, na kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hawakucheka kwa ubaya, ila yeye alianza kuyapima maneno yake kabla ya kuyatoa, na mtu akipima sana mwisho hunyamaza.

"Zinjibariya wetu huyu ni mtulivu, mashaallah," walimsifu. "Hana maneno."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko kicheko. Alirudi nyumbani, akamenya ndizi mbichi, akazipika kwa tui la kopo, na huku anapika akawa anasema peke yake, kwa sauti, maneno ambayo angeyasema barazani kwao. Mtu pekee kijijini aliyekula ndizi zile bila kukunja uso alikuwa jirani yake Amna, mjane kama yeye, mwenye ulimi mkali na moyo mpana. Amna alizaliwa Birkat al Mauz na hakuwahi kufika mbali zaidi ya hospitali ya Nizwa.

Mwaka wa tisini na saba chama cha wanawake cha Nizwa kikatangaza safari ya wazee wanawake kwenda Sur, mji wa pwani, kulala usiku mmoja na kurudi. Bi Kaltham aliposikia jina la Sur, aliweka kikombe chini.

"Mama, njia ni ndefu," Hazim alisema. "Na goti lako hilo?"

"Goti langu litakwenda pamoja nami," akajibu. "Nataka kuiona bahari, Hazim. Niione tu, kisha nirejee."

Basi likaja Jumatano asubuhi, tayari limepakia wanawake wa Manah. Msimamizi alikuwa kijana wa chama, Fawziya, mwenye sauti ya mwalimu na mfuko mzima wa dawa za kichefuchefu. Amna alikaa na Bi Kaltham na kumshika mkono kila basi lilipokata kona.

"Bahari ikoje?" Amna aliuliza.

Bi Kaltham alifikiri kwa muda mrefu. Kwa Kiswahili angelianza wakiwa Birkat al Mauz na hata Sur wangefika hajamaliza. Kwa Kiarabu alipata maneno mawili tu. "Maji mengi," akasema, akatazama nje.

Walisimama Ibra ili wapumzike, na kwa kuwa ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake, Fawziya akawaachia watembee. Humo wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. Hapa udi na hina, pale vitambaa, nguo za watoto, samli. Bi Kaltham alikuwa akijikokota na goti lake baina ya mikeka alipomsikia mtu ananung'unika nyuma ya kofia zilizodariziwa.

"Kaja, kapapasa, kavuta nyuzi, kaondoka zake. Hana hata haya!"

Kilikuwa Kiswahili. Cha mjini, tena cha zamani, kile cha mama zake. Aliyesema ni mwanamke mnene mwenye miwani mizito, akiikunjua kofia yake iliyovutwa. Alidhani hakuna anayemwelewa.

"Na mkono wenyewe una mafuta ya halwa," Bi Kaltham akamjibu.

Kofia ilimponyoka yule mwanamke. "We! Nani wewe?"

"Kaltham binti Zakariya. Wa Malindi."

"Na mimi Shukriya. Mkunazini!" Alikuwa ameshainuka, ameshamkamata mabega. "Ya rabbi! Mtoto wa Malindi, hapa Ibra, anatoka wapi?"

Walisimama wameshikana, kisha likazuka jambo la kuamkiana. Nani amwamkie nani? Wakapimana kwa kumbukumbu: nani alikwishahitimu Kurani vita vya Hitla vilipokwisha, nani alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ikadhihirika kwamba Shukriya ni mkubwa.

"Shikamoo, dada," Bi Kaltham akasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

Hapo machozi yakamtoka. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipewa shikamoo, na wajukuu, na wana wa jamaa wakija siku za Idi. Wakubwa wake wote walikwisha kufa. Alikuwa amesahau kwamba neno lile pia linatolewa, na kwamba mwenye kulitoa hujiona mdogo tena.

Wakakaa mkekani, wakaanza kuikumbuka Unguja mtaa kwa mtaa. Honi ya basi ilipolia walikuwa hawajatoka hata kwenye mtaa mmoja. Amna akaja kumwita, akaja tena, halafu akaja Fawziya mwenyewe.

"Mimi nabaki," Bi Kaltham akasema. "Nendeni. Kesho mkirudi mtanipitia."

"Mama yangu, siwezi kumwacha mzazi wa watu njiani!"

Shukriya akajitambulisha, akataja ukoo wake na nyumba yake na mwanawe mwalimu, na wauzaji wenziwe wote wakamshuhudia. Mwisho wakaenda duka lenye simu, wakampigia Hazim kazini.

"Mama," Hazim alisema, hajui acheke au akasirike, "si bahari ndiyo uliyoililia miaka yote hii?"

"Bahari nitaitazama tu, mwanangu. Huyu ananijibu."

Hazim akaomba azungumze na Shukriya. Akamwamkia kwa adabu, akamwambia, "Mama nakukabidhi."

Basi likaondoka, Amna amebandika uso kwenye kioo kama mtoto aliyeachwa peke yake.

Alasiri ile nyumbani kwa Shukriya walipika pamoja, na walibishana pamoja. Walibishana juu ya muuza asumini, kama alikuwa akipita kabla ya sala ya alasiri au baada yake. Walibishana juu ya iliki ngapi zinatosha kwenye maandazi. Mume wa Shukriya aliingia, akasikiliza kidogo, akatoka akitabasamu. Sauti ya Bi Kaltham ilianza kukwaruza, naye hakuacha. Alikuwa kama mtu aliyefika kisimani baada ya jangwa, anakunywa na maji yanamtiririka kidevuni.

Pahala pamoja tu ndipo maneno yalipokatika. Shukriya aliuliza, "Na nyinyi mlitokaje?" Bi Kaltham akafungua mdomo, akaufunga. Shukriya akatikisa kichwa, akamega mkate, akampa nusu. "Na mimi pia," akasema, wala hawakuirudia habari ile tena.

Kesho yake basi lilipomchukua, Bi Kaltham hakuwa na sauti kabisa. Ikawa zamu ya Amna kusema, na alisema njia nzima.

"Mbona hukuniambia?" alimlaumu, macho yanamng'aa. "Inapumua, Kaltham! Inakuja, inarudi, kama kifua cha mtu aliyelala. Niliogopa, nikavua viatu, nikaingia. Mchanga ukaondoka chini ya nyayo zangu kama mtu anayenivuta nguo. Na haina upande wa pili! Mimi nimezoea kila nikitazama, mlima unanizuia. Pale hakuna kinachokuzuia."

Bi Kaltham alimsikiliza amefumba macho. Dirisha lake la Malindi lilikuwa likielezwa kwa Kiarabu cha mashamba na mtu asiyelijua, na hakuna lililokosewa.

"Nilikuwa sina maneno yake," akanong'ona.

Amna akamtazama. "Basi hili ndilo ulilokuwa ukililia moyoni. Na sisi tunakwambia mtulivu."

Tangu hapo, Hazim akipata nafasi Jumatano, alimpeleka mama yake Ibra. Ziara hizo ziliendelea miaka kadhaa. Kisha macho ya Shukriya yakachoka na kudarizi, mumewe akafariki, mwanawe akahamishiwa Maskati naye akachukuliwa huko. Masikio yakafuata macho. Wakipigiana simu, Bi Kaltham alipiga kelele mpaka majirani wakasikia, na Shukriya, asiyesikia kitu, alijibu maswali ambayo hakuulizwa. Hata hivyo walipigiana. Mmoja alisema, mwenziwe akasema, kila mtu habari zake, wakaagana wameridhika nusu.

Amna naye hakuponyeka na hamu ya bahari. Kila mwaka aliwasumbua wa chama: bahari lini? Mwaka wa elfu mbili na nne safari ya Sur ikapatikana tena, na mara hii Bi Kaltham hakushuka Ibra. Hakuwa na wa kumshukia.

Walipofika ufukweni wanawake wakajazana kwenye maji, wameinua nguo, wanapiga makelele. Bi Kaltham aliingia mpaka magotini, akainama, akatia maji mkononi, akayaonja. Akasimama kutazama mbali kule ambako maji hugusana na mbingu.

"Kwenu ni huko?" Amna akauliza, akionyesha mbele.

"Ni huko." Miaka yote ile alikuwa amejiona hivyo hasa: amesimama, bahari mbele yake, na Unguja ng'ambo.

Lakini alipokwenda kusali adhuhuri, aliwaona wenziwe wanapanga safu, akatambua kibla kiko magharibi, na akasita. Alijielekeza kibla, akanyoosha mkono wa kushoto polepole, upande wa kusini, iliko Unguja. Kusini hakukuwa baharini. Mkono wake ulielekea nyuma, kwenye nyumba na majabali makavu.

Baada ya sala alirudi ufukweni, akakaa mchangani na kuipa bahari mgongo. Amna alimkuta hivyo akashangaa. "Tumesafiri siku nzima, unatazama mawe?"

"Kwetu ni upande huu," Bi Kaltham akasema. "Nilikuwa sijui."

Amna aliitazama bahari yake aliyoingojea miaka. Kisha akajishusha taratibu, mkono mmoja kiunoni, akakaa kando ya mwenziwe, naye akageukia majabali.

"Nyuma ya hayo kuna nini?" akauliza.

Bi Kaltham akaanza kumwambia, kwa Kiarabu chake kibovu, akimwita tena na tena kama anavyoitwa mwanamume. Amna hakucheka. Fawziya alipowaita kwenye chakula, samaki yuko tayari na wali unapoa, Amna alimwashiria kwa mkono kwamba wasubiri kidogo.