Nyasi za Ghala la Baruti

Siku yangu ya kwanza kazini, Shaushi, yaani sajini wetu wa enzi za Wajerumani, alininyang'anya kisu, kiko cha tumbaku na mkanda wenye bizimu ya chuma.

"Humu hakiingii chuma wala moto," alisema. "Ukikaidi, mama yako atakosa cha kuzika."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ghala lilikuwa karibu na Bugene, limejaa mapipa ya baruti kuukuu na fataki, vile vishaba vya kuwashia baruti ndani ya bunduki. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza mapipa yasishike unyevu, na yaliyooza kuyapeleka bondeni na kuyamwaga kinamasini, maana baruti iliyolowa haiwaki.

Sisi Wanyambo, nyumba isiyotandazwa nyasi sakafuni ni aibu. Basi mkaguzi alipokaribia kuja, nikatandaza nyasi ghala zima. Shaushi, mtu wa pwani, akafurahi: "Pamependeza kweli!" Wajinga wawili. Mapipa yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, na nyasi zikaificha ile baruti.

Mkaguzi alipoondoka nilizifagia, nikazirundika nje, nikateremka bondeni na pipa bovu. Kurudi, rundo halipo.

"Mama Koku amezichukua," mlinzi akaniambia. "Anaivisha ndizi za pombe."

Ndizi za pombe huivishwa shimoni, na kando yake huwashwa moto wa nyasi ili joto liingie. Nilikimbia kama mwizi. Nikamkuta jirani yangu huyo ameinama, kigae cha makaa mkononi.

"Mama, usiwashe!"

"Kuna nini, mwanangu?"

Aligeuka, kaa likadondoka. Nilimvuta, tukaanguka migombani, na nyasi zikawaka zote mara moja, fuuu! Mimi niliungua mkono. Yeye alipoteza jicho.

"Nitaandika kwamba mama aliiba nyasi za serikali, na wewe ukamwokoa," Shaushi akasema. "Umesikia?"

"Ndiyo, Bwana Shaushi."

Niliogopa kufungwa. Badala yake nilipewa cheo, nikahamishiwa Kyerwa kusimamia ghala kubwa zaidi. Huko kila nilichofagia nilikizamisha majini kwa mikono yangu, na niliyemkuta amedharau amri hiyo nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Walinisifu kwa ukali wangu. Ulikuwa woga, na aibu.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani. Kila alipofungua shimo lake, Mama Koku aliniletea ndizi mbivu, akinitazama kwa lile jicho moja.

"Asante, waitu, mwanangu. Bila wewe ningekufa kwa wizi wangu."

Nilizipokea, nikazila. Tulimzika mwaka huu, na alikwenda akiamini kwamba alikuwa mwizi.