Tulipookota mustari wa maji

Leo asubuhi nimetia wamama kumi na saba ndani ya mufuko wa takataka.

Musianze kunipigia simu. Naeleza, kisha museme kama mungefanya tofauti.

Ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya mutaa, hapa Goma kando ya ziwa.

Mimi ni mutu wa Bukavu. Basi nikawahubiria majirani: chupa ya Goma inaelea ziwani mupaka kwetu, inaenda kuziba muto Ruzizi. Tusiache hata moja!

Hatukuacha.

Karibu na robine, lile bomba la maji la mutaa, tulikuta bidoni za kuchotea maji zilizopasuka, chupa, na kiatu kimoja. Vyote juu ya mawe ya volkano, kimoja nyuma ya kingine. Hata nilifurahi: kumbe kuna mutu ametupangia kazi!

Tukazoa vyote.

Saa ya maji ikafika. Wamama wakashuka na bidoni zao nzima.

Wakaangalia mawe matupu.

"Papa," mama mumoja akaniuliza polepole, "mustari yetu iko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Kila kitu kibovu kilikuwa kinamushikia mama nafasi tangu alfajiri, kwa sababu kizuri kingeibiwa.

Nikamwaga mufuko wote chini. Walicheka, kila mumoja akachukua chake, wakapangana upya bila kelele.

"Ruzizi tutaichunga, papa," yule mama akasema. "Lakini uanze kuuliza."

Kiatu kikabaki. Hakuna aliyekidai, nikainama nikirudishe mufukoni.

"Acha!" wakasema wote. "Yule ni nyanya. Bado yuko njiani."