Debe la Mafuta ya Mama Mkwe

Kaka yangu alikuwa mkemia wa kiwanda cha sabuni Dar es Salaam, na nyumbani kwetu Bagamoyo hapakuwa na mtu aliyeweza kuieleza kazi yake. Bibi aliwaambia wageni kwamba mjukuu wake anaonja sabuni. Kaka alinuna. Mimi nilikuwa sekondari, kemia kidogo naijua, ningeweza kumtetea. Lakini naona haya kusema mbele za watu, na tena, niseme kweli, nilipenda kumwona akinuna.

Alianza kwa kuosha chupa za maabara. Mkubwa wake alipogundua kwamba anasoma yaliyoandikwa juu ya chupa huku akiziosha, akamfundisha kupima. Baada ya miaka, mafuta hayakuingia kiwandani bila yeye kuyapima, na majibu aliyaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa madaha. Mwandiko huo ndio uliomponza.

Tulikuwa tumempelekea mama mmoja mjane wa mtaa wa pili barua ya posa, kumwombea kaka binti yake. Mama huyu alikuwa akichemsha tui la nazi, akitoa mafuta ya uto na kuyapeleka kwa lori kiwandani kwa kaka. Kabla jibu la posa halijaja, likarudi debe lake. Juu yake pamebandikwa karatasi: "Yamechacha. Hayafai." Chini, saini ya kaka. Kaka aliona namba ya debe tu, mwenye debe hakumjua. Mtaa mzima ulijua kabla yake.

Alipokuja likizo, baba akamtuma akaombe radhi. Akanichukua mimi, nadhani kwa sababu sisemi. Njiani nilimsihi adai kwamba alikosea kupima. Yeye akazidisha mwendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana sabuni. Siku uliyozaliwa nilikukanda kwa uto wangu. Leo uto huo unanuka?"

Badala ya kuomba radhi, kaka akatoa chupa zake mfukoni, akazipanga juu ya mkeka. Akaeleza kwamba atatia dawa tone kwa tone mpaka mafuta yageuke rangi ya waridi, na kadiri matone yanavyozidi, ndivyo mafuta yalivyochacha. Mama akaleta kwanza uto alioupika mwenyewe jana yake. Matone mawili, waridi. Ndipo wakachota kwenye debe. Nilihesabu moyoni. Tone la kumi likapita, rangi ikabaki ile ile. La kumi na tisa ndilo lililogeuza rangi.

"Haya, niambie," mama akasema. "Mafuta yangu mabaya?"

Nilimkanyaga kaka mguu, kwa nguvu.

"Mabaya, mama. Yaliepuliwa kabla maji hayajakauka."

Mama akachovya kidole, akaonja, akatema. Kisha akageukia pazia la mlango.

"Wewe! Siku niliyokwenda msibani nikakuachia sufuria, uliepua saa ngapi?"

Pazia likatikisika. Ndipo tulipofahamu kwamba mafuta ya debe lile yalipikwa na mchumba mwenyewe.

Mama alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Akasema alikwisha kukusudia kutukatalia, ila sasa imekuwa zamu yake kuomba: mwanamke asiyejua kupika uto, bwana sabuni bado anamtaka?

"Namtaka hivyo hivyo," kaka akasema, akitazama mkeka.

"Basi mwambie baba yako aje tuzungumze."

Pazia likasema, "Na hizo chupa zisiingie jikoni kwangu, mama, mwambie. Zikiingia, narudi kwetu."

Kaka akaapa hapo hapo. Sasa wamekwisha kuoana, wanakaa Dar, na kila likizo nikienda kwao, wifi akitoka kwenda sokoni, kaka huingia jikoni na chupa zake, mimi nikamlindia mlango.