Majani Niliyompelekea Mkwe

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Mke wangu husema nikijifunza kitu asubuhi, ikifika mchana nimeshakuwa mwalimu wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa ufugaji wa samaki. Nilichimba kibwawa nyuma ya nyumba yetu hapa Kiseke, pale tulipokuwa tunaanika nguo, nikakijengea kwa saruji, nikapandikiza vifaranga vya sato. Kabla hawajafika hata urefu wa kiganja, nilikuwa tayari nawashauri wenzangu kazini Nyakato jinsi ya kufuga. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu. Samaki niliowajua kwa hakika ni wale waliogandishwa.

Shida ya kibwawa ilikuwa jua. Maji yalipata moto, samaki wakawa wanakuja juu kutweta. Nikaona kwenye simu video ya jamaa mmoja, sijui wa nchi gani, anamwaga majani madogo ya kijani juu ya bwawa lake. Akayaita azola. Yanaelea yenyewe, hayataki udongo, yanatia kivuli, na samaki wanayala, kwa hiyo unaachana na habari za kununua pumba. Nikasema, haya sasa, hii ndiyo yangu. Jumapili baada ya ibada nikashuka ufukweni na ndoo, na kweli, pembeni ya matete nikayakuta majani madogo manene, yamekunjika katikati, yana vinyweleo juu, ukiyamwagia maji yanateleza bila kulowa. Sikumuuliza mtu. Mimi ni Mjita, nimezaliwa ziwani upande wa Mara, na niliona mtu wa ziwa hawezi kwenda kuulizauliza majina ya majani ya ziwani.

Yakashika. Haukupita muda kibwawa chote kikawa kijani, maji yakapoa, samaki wakatulia. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: Ijumaa naacha majani yamefunga maji yote, Jumapili nakuta nusu ya bwawa iko wazi. Nikajua wanayala. Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai, nimeweka mkono kiunoni, nawaangalia samaki wangu kama mwenye kiwanda. Nikapiga picha, nikazituma kwenye kundi la ukoo wa mke wangu, na maelezo marefu chini yake ambayo leo sithubutu kuyasoma.

Kundi lile ndimo alimokuwamo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye humsomea mama yao kila kinachotumwa anapokwenda kumsalimia. Mama mkwe wangu aliishi peke yake kijijini, ng'ambo ya Misungwi, Usukumani hasa. Marehemu baba mkwe alimwachia nyumba, ng'ombe wachache ambao baadaye wanawe waligawana, na bwawa la samaki alilolichimba mwenyewe chini ya majaruba ya mpunga. Bwawa lile sasa lilikuwa la mama. Asubuhi anawatupia samaki pumba, jioni anazunguka kingo kuangalia kama kenge hawajatoboa. Kila tulipokwenda tulirudi na samaki waliokaushwa, tena wengi, mpaka majirani zetu walikuwa wanatuuliza mama anakuja au mnakwenda lini.

Wanawe walikuwa wanamsihi ahamie mjini. Kaka mkubwa ana nyumba Nyegezi, ana chumba, na alikuwa akisema watu wanamsema kwa kumwacha mama mzee porini. Mama alikuwa na jibu moja tu, na hakuna aliyewahi kulipangua: "Na samaki nimwachie nani?" Basi, mazungumzo yanaishia hapo, watu wanaendelea kula.

Mimi na mama mkwe hatukuzoeana, wala hatukutakiwa kuzoeana. Kwao mkwe hashikwi mkono. Tunasalimiana kwa mbali, mimi nimeinama, yeye ameangalia pembeni, na mengine yote yanapitia kwa mke wangu hata tukiwa tumekaa uwanja mmoja. Mwambie mkwe hivi. Mwambie mama vile. Hali sahani moja nami, hanikosoi, na kikubwa zaidi, hanikatalii. Nilipooa nilidhani ni desturi ya kumlinda yeye. Sikujua kwamba inaweza kunilinda mimi hata pale nilipostahili kofi.

Basi tulipokwenda kumsalimia kabla ya mvua za vuli, nikabeba ndoo ya majani yangu, nimeifunika kwa gunia lililoloweshwa. Basi zima lilikuwa linaniuliza ni nini, nami nikawajibu wote. Nikayamwaga bwawani kwa mkono wangu, mama amesimama mbali chini ya ukingo, na nikatoa somo. Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba pumba sasa basi. Pumba uwape kuku. Hawa watakula majani, na majani yenyewe hayaishi. Mama akajibu kupitia kwa binti yake: "Mwambie mkwe ahsante, Mungu ambariki, amenipunguzia kazi." Nikavimba kichwa. Njiani nilimwambia mke wangu kwamba mama yake ni mwelewa kuliko wanawe wote. Aibu ya maneno hayo bado ninayo mdomoni.

Miezi ikapita. Redio ikawa inasema habari za gugu maji jipya lililoingia ziwani, linajizidisha haraka, linafunga mialo ya wavuvi, boti zinakwama. Nikiwa kazini nilichangia mjadala kwa ukali kabisa, nikasema watu wanaoingiza uchafu kama huo ziwani wakamatwe. Wenzangu wakaitikia. Mpaka leo wapo wanaonikumbusha.

Kisha shemeji akanipigia simu. Alikuwa kijijini, na shemeji ni mtu wa utani, kwa hiyo sikumtilia maanani aliposema, "Shemeji, mkwe amejaa bwawani mpaka bata wanatembea juu yake." Nikacheka. Nikamuuliza mkwe gani tena. Akasema ndivyo watu wa kule wanavyoyaita yale majani, mkwe. Mwenye jaruba la chini amelalamika kwamba mkwe ameingia kwenye mfereji wake. Watoto wanapigana kwa mkwe. Bado nilikuwa nacheka. Nikamwambia, waache wayatumie, ndiyo faida yake hiyo, si samaki wanakula? Akasema, "Shemeji, njoo uangalie," na hakukuwa tena na utani.

Nilimwambia mke wangu jioni ile, huku najitetea kabla sijashitakiwa. Nikasema labda mama hana samaki wa kutosha, ndiyo maana majani yanawazidi, mbona hapa kwetu wanayamaliza kila wiki. Mke wangu akaacha kuchambua mchele. "Nani anayamaliza?" akaniuliza. Nikamwambia, samaki. Akasema taratibu, bila kunicheka, na afadhali angecheka: "Baba watoto, ni mimi. Kila Jumamosi nayazoa kwa ungo natupa kwenye tuta la mchicha. Wewe ulidhani yanakwenda wapi?"

Ndipo nilipoelewa kwamba yale hayakuwa azola, ni lile gugu la redioni. Samaki wangu walikuwa wanaishi kwa makombo ya ugali na pumba za kuku alizokuwa anawatupia yeye. Hakuniambia kwa sababu hakujua kwamba sijui.

Kesho yake tukapanda basi stendi ya Nyegezi. Nilikuwa na haraka, na haraka ile ndiyo iliyoniongezea kosa la pili. Mkwe hafiki kwa mkwe wake hivihivi. Anasimama njiani, anabisha hodi kwa sauti, anasubiri mtu atoke, na wenyeji wanapata nafasi ya kujiweka sawa. Mimi nilipita pembeni ya nyumba moja kwa moja kwenda bwawani, mke wangu nyuma yangu ananiita nisimame.

Bwawa halikuwepo. Palikuwa na kitu kama shamba la kijani kilichonyanyuka, kimebebana tabaka juu ya tabaka, na harufu ya kuoza. Katikati palikuwa na mama mkwe wangu. Alikuwa majini mpaka mapajani, kanga ameikusanya na kuifunga juu, mabega wazi, anasukuma majani kwa mti mrefu ili kufungua kidirisha cha maji. Kwenye kile kidirisha niliona midomo ya samaki, imejazana, inatweta. Alikuwa anawafungulia wapumue.

Akainua macho akaniona. Mwanamke yule, bibi wa watoto wangu, akachutama ndani ya yale maji yanayonuka mpaka shingoni ili nisimwone mwili wake. Akabaki hivyo, kichwa tu kimetokeza juu ya majani yangu, ameinamisha uso. Na mimi nimesimama. Sijui nilisimama kwa nini. Mke wangu alinishika bega akanigeuza kama mtoto, akanisukuma mpaka nyuma ya zizi la zamani. Nilikaa pale natazama ukuta wa udongo, nasikia maji yakimtiririka mama wakati anatoka. Nimewahi kuaibika maishani, nimewahi kufumaniwa nadanganya, lakini sijawahi kutamani kuwa mtu mwingine kama nilivyotamani pale.

Baadaye nikaletewa maneno kupitia kwa mke wangu, neno kwa neno. Mama alikuwa anasema nimsamehe kwa kumkuta vile. Mimi nimsamehe yeye. Kuhusu majani, alisema mkwe aliahidi samaki watayala, naye alingoja wayale. Walipochelewa alidhani makombo ya jikoni ndiyo yanayowadekeza, basi akawanyima hata hayo. Jirani alitaka kuja na wenzake wayaopoe, yeye akakataa. Kitu kilicholetwa na mkwe kwa mkono wake hukitupi huku yeye hajaja kukiona, utakuwa umemtukana. Alikuwa ananisubiri.

Niliyatoa. Mimi, shemeji na yule mwenye jaruba la chini. Ilinibidi nivue suruali nibaki na bukta, na muda wote huo mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, amelipa bwawa mgongo, hakugeuka hata mara moja mpaka nilipomaliza na kuvaa. Tulipandisha lundo la majani lililotuzidi kimo. Chini yake tulikuta samaki waliokufa zamani na waliokufa karibuni. Waliokuwa hai niliwahesabia bahati, na asubuhi yake nao walikuwa wanaelea. Mwenye jaruba la chini alikuwa ameniandalia maneno, nilimwona usoni. Lakini kila alipofungua mdomo mama alikohoa kule nyuma ya nyumba, naye akanyamaza. Ningempa chochote yule bwana anitukane. Mtu akikutukana, angalau mnagawana mzigo.

Tulipokuwa tunaaga, mama alimwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha ili nisikie: "Mwambie mkwe asijisikie vibaya. Bwawa lenyewe lilikuwa limeshazeeka." Uongo mtupu. Bwawa lile lilikuwa na miaka mingi ya kuishi kuliko mimi.

Kaka mkubwa alikuja kumchukua kabla ya Pasaka. Hakuna aliyegombana. Walipomwambia tena habari ya kuhama, lile jibu la mama kuhusu samaki halikuwepo tena. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akawagawia majirani kuku, akapanda gari. Nilijitolea kumpandikizia vifaranga upya, nikatuma ujumbe kwa kaka mkubwa, naye akanijibu kwa heshima zote kwamba shemeji, tunashukuru, tumpumzishe mama. Hata kumkaribisha kwangu siwezi, mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Siwezi kumlipa alichopoteza.

Mwezi uliopita tulikwenda Nyegezi kumsalimia. Hauendi kwa mkwe mikono mitupu, kwa hiyo asubuhi nilipitia soko la Kirumba nikachagua sato mkubwa, mbichi kabisa, nikamfungia kwenye mfuko. Nilikuwa najipongeza kwa ule ubora wake. Ni mpaka tulipofika na mke wangu akaupokea ule mfuko, akaupima uzito, akaniangalia, ndipo nilipoelewa nilichobeba na nilikuwa nampelekea nani. Hapakuwa tena na njia ya kurudi.

Mama alikuwa amekaa uani, kwenye sakafu ya saruji karibu na karo la kufulia. Nikainama mbali. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mkwe wangu." Mke wangu akampa mfuko. Akaufungua, akambonyeza samaki tumboni, akamtazama macho, akatikisa kichwa kwa kumkubali. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mwambie mkwe ahsante sana," akasema. "Tangu nije sijala samaki. Hamu ninayo, ila naona haya kuomba."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, iliyonifikia kwa shida, ili mkwe wake wa jikoni, mke wa mwanawe, asisikie.