Meza ya Dirishani

Siku yangu ya kwanza hotelini, pale katikati ya mji wa Eldoret, niliingia kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimetoka Siaya jana yake, na mlango ule uling'aa hata nikaona ndio wangu. Mkuu wa wahudumu, mzee mrefu asiyecheka ovyo, alinishika kola akanizungusha hadi jikoni.

"Wewe, mlango yako ni hii," akasema. "Chakula inaingia kushoto ya mgeni, sahani chafu inatoka kulia. Na usiwahi kalia kiti ya huko ndani."

Ninyi vijana mnaotupa sahani mezani kama mnagawa karata, sikilizeni. Kitambaa cha meza tulikipiga pasi kikiwa kimeshatandikwa, ili mkunjo usionekane. Glasi tulizing'arisha kwa mvuke wa maji moto. Lakini mhudumu aliketi ukumbini mara moja tu, siku ya kustaafu. Aliingia kwa mlango wa mbele pamoja na mkewe, wakakaa meza ya dirishani, na mkuu wa wahudumu akawahudumia mwenyewe.

Mkuu wangu alipostaafu, mimi ndiye niliyeshika nafasi yake, nikampakulia mguu wa kondoo.

"Hata wewe siku yako itafika," akaniambia, akijifuta macho.

Nilimsimulia mke wangu, Akoth. Hakungoja. Alishonesha gauni la samawati, akaliweka sandukuni.

Wenye hoteli waliifunga kabla ya siku yangu. Tuliambiwa asubuhi, tukiwa tayari na sare. Gauni lile Akoth hakulivaa akiwa hai. Ndilo tulilomzika nalo.

Ninaitamani hoteli ile, sitaficha. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda. Niliingia kwa mlango wa mbele, wala hakuna aliyenishika kola. Ukumbi umekatwakatwa vibanda vya simu na mitumba, lakini dirisha bado lipo. Chini yake mama mmoja anauza chai, ana kijimeza na viti viwili vya plastiki. Nilisimama tu, mikono nyuma, kama zamani.

"Mzee, mbona unasimama? Kaa, nitakuletea."

Katika ukumbi ule sikuwahi kuambiwa hivyo. Nikakaa. Chai ilipofika, mwanamume mmoja alikishika kile kiti kingine.

"Mzee, hii kiti iko na mtu?"

"Iko," nikamjibu, nikanywa chai yangu polepole.