Kumpeleka Baba Queensburgh

Nilikwenda Durban kwa sababu kaka yangu Karisa alikuwa akimwota baba. Haikuwa ndoto ya kutisha. Baba husimama nje ya geti la nyumba ya Karisa huko Queensburgh, amevaa kikoi chake, anaitazama namba ya ukutani, haingii. "Kahindi, mzee anafika lakini haingii," Karisa aliniambia kwenye simu. Baba alipofariki, kibali cha Karisa cha kuishi Afrika Kusini kilikuwa kimekwama ofisini na hakuweza kusafiri, tukazika bila yeye. Kibali kilipotoka hakuja vilevile. Aliona aibu kuja kutazama kaburi lililokwisha kuota nyasi.

Kwetu Wagiriama mtu akifa hatoki katika familia, anakuwa koma, roho inayobaki na watu wake. Baba alichongewa mti wake, umesimama kando ya nyumba kule Kilifi, na mama huumwagia maji ya unga na tembo la mnazi. Mti huo haung'olewi. Lakini mwana aliyehamia mbali anaweza kuchongewa kijiti kidogo akakipande kwake, baba naye akawa na mahali pa kufikia. Baba mdogo alikichonga, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko. Mama hakupendezwa.

"Akishampata baba yake huko, huku atarudi kufuata nini?" aliniuliza.

Baba mdogo akamwambia asihofu, mzee atakaa kote kuwili. Alikuwa na wake wawili, amezoea. Mama hakucheka.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mambo haya nayaheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mkwewe. Nilikifunga kijiti kwa gazeti, nikakitia begini chini ya viatu, nikaondoka.

Johannesburg, asubuhi. Hapa ndipo nilipobadilisha ndege. Afisa wa forodha, kijana mwenye usingizi, alikifungua kijiti kutoka gazetini, akakigeuzageuza, akaniuliza ni kitu gani.

"Pambo tu," nilimjibu. "Pambo la nyumbani."

Akanirudishia. Nikajiona mjanja.

Durban, mchana. Karisa alinipokea uwanjani. Amenenepa, ameota mvi, na siku hizi anacheka kama baba, jambo lililonishtua kidogo. Anafundisha hesabu chuoni. Mkewe Furaha ni mwenyeji wa Bukavu, Kongo. Alipoingia mji huu aliishi kwenye magorofa ya Albert Park, akisuka watu sebuleni, na sasa ana saluni yake. Nilitazamia ugomvi juu ya kijiti, kwa kuwa ni mtu wa kanisa hasa, hakosi Jumapili.

"Shemeji, mimi niko mukristu, kila dimanche niko ku église," alisema huku akinipakulia sombe, kisamvu cha kwao. "Lakini beau-père, baba mukwe, akikuja, nitamufungia mulango? Nafasi iko."

Nafasi yenyewe ilikuwa nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi. Karisa alikuwa ameshapalilia na kufagia. Nikamuuliza tembo la mnazi atalipata wapi.

"Hapa hakuna mgema. Tutamnunulia pombe ya mtama."

"Baba hajapata kunywa pombe ya mtama maishani mwake."

"Atazoea," alisema Karisa. "Mimi nimezoea."

Jumamosi, Warwick. Tuliteremka mjini kutafuta hiyo pombe. Katika soko la dawa kuna mizizi, magome na majani makavu ambayo wenyeji huyachoma wanapozungumza na wazee wao waliotangulia. Nilimwona Karisa ametulia pale kama yuko kwao, akiamkia kwa Kizulu, akinusa hiki na kile. Tulinunua pombe na unga, tukapanda taxi, ambayo huku ni basi dogo la abiria.

Lilikuwa karibu kujaa. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, pembeni ya mzee mmoja aliyeshika tawi la mti wenye miiba. Nikainama nikae. Watu wakapiga kelele kwa pamoja, na mama wa nyuma yangu akanivuta shati.

"Hhayi, bhuti! Kunomuntu!"

"Anasema pana mtu," Karisa alinong'ona, akanisogeza tukabanana nyuma.

Nilitazama tena. Hapakuwa na mtu. Karisa akanieleza kwamba mzee yule alikuwa anamchukua ndugu yake aliyefia mbali na nyumbani. Familia humfuata marehemu pale alipofia, wakamwita, wakamrudisha na tawi hilo, na kiti chake hulipiwa kama cha abiria yeyote. Anayelibeba hazungumzi na mtu mwingine njia nzima. Kweli, mzee alikuwa akisema polepole, akilielekea tawi.

"Anasemaje?"

"Anamwambia njia. 'Tumepita robot,' yaani taa za barabarani. 'Sasa tunapanda kilima. Usishuke hapa, si kwetu.'"

Tulikaribia kushuka. Ndipo Karisa akaniuliza, "Na wewe, ulimwambia nini baba njiani?"

Jioni, mezani. Sikuona njia ya kulikwepa swali hilo, nikasema yote. Kwamba sikumwambia baba lolote, wala kumuaga nyumbani. Kwamba alisafiri begini chini ya viatu, na huko Johannesburg nilimwita pambo.

Furaha aliweka kijiko chini. "Eish, shemeji! Beau-père chini ya viatu?"

Karisa hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alikileta kijiti, akakilaza mezani.

"Basi baba hajaja," alisema. "Tukikipanda hiki tumepanda ukuni."

Nikashauri tumwombe radhi, tumwage pombe, tumweleze. Akatikisa kichwa.

"Huyu ni mtu ambaye hata sokoni hakwenda bila kuaga. Na mimi nimemtumia mjumbe, aje bila mimi kwenda. Ndiyo maana anaishia getini." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nitamfuata mwenyewe."

Kurudi. Nilikuwa nimebeba kijiti kitupu, kwa hiyo sikuwa na wa kumsemesha. Hata hivyo sikukirudisha chini ya viatu. Kilikaa mapajani hadi Mombasa.

"Amekipanda?" mama aliniuliza kabla sijaketi.

"Hajakipanda. Anakuja kumchukua baba mwenyewe."

"Anakuja?" alisema mama, kana kwamba hayo mengine hakuyasikia, akatafuta kigoda akakaa.

Kilifi, Desemba. Karisa alifika kweli. Alfajiri ya pili alipiga magoti mbele ya mti wa baba, akamwaga tembo, akasema amechelewa. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, na mama akatuzuia tusimwendee.

Siku ya kuondoka alikigusisha kijiti kwenye mti wa baba. "Baba, inuka twende kwangu. Hapa tunatoka uani. Hii ndiyo barabara." Mama alitufuata hadi kwenye gari.

"Karisa, mwambie huku bado ni kwake," alisema. "Asije akalowea huko akatusahau."

Karisa akamwambia neno kwa neno.

Mombasa, uwanja wa ndege. Nimefundisha ramani miaka mingi, na umbali wa Kilifi hadi Durban naweza kuupima kwa rula. Namna ya kuusafiri nilijifunza hapo mlangoni, nikiwa nimekuja kumsindikiza kaka yangu. Mlinzi, mtu wa makamo, alikiona kijiti mkononi mwake akauliza ni kitu gani.

"Ni baba yangu," alisema Karisa.

Nyuma yetu foleni ilisimama. Mlinzi alikipokea kwa mikono miwili, hakukipitisha kwenye mkanda wa ukaguzi pamoja na mabegi, akakirudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Safari njema," alimwambia Karisa. Kisha akainamisha kichwa, akakitazama kijiti. "Nawe pia, mzee."